Kukusanya nasaba na habari za mitaa ya Lamu, kisha kuzirudisha kwa wenyewe

Anza na nyumba, si na ukoo. Ukimwendea mzee wa Mkomani ukamwomba akutajie ukoo wake, atakupa mlolongo wa fulani bin fulani bin fulani aliofundishwa utotoni, wanaume watupu, na kabla kahawa haijapoa mmemaliza. Muulize nyumba aliyozaliwa: nani aliijenga, nani alipewa, nani akilala chumba cha ndani, nani akipita kwenye wikio kwenda nyumba ya pili bila kushuka njiani. Hapo ndipo wanapotoka mashangazi, watoto waliofariki wadogo, mke wa pili aliyetoka Siyu, na yatima aliyelelewa humo mpaka akaoa. Tena, kwa desturi ya wenye nyumba za mawe, binti alipewa nyumba alipoolewa na mume ndiye aliyehamia kwake. Kwa hiyo habari za nyumba hupitia kwa wanawake, wakati mlolongo wa bin unapita upande mwingine kabisa. Anayefuata mababa peke yao hupoteza nusu ya watu na karibu nyumba zote.

Nyumba moja ikikamilika, nenda ya jirani, kisha msikiti wa mtaa, kisima, na chuo cha Kurani watoto walikosomeshwa. Mtaa mmoja mdogo uliofanywa vizuri una faida kuliko Lamu nzima iliyoparuzwa juu juu.

Kila habari na mdomo wake

Chukua daftari kubwa, ligawe kila ukurasa safu tatu. Ya kwanza ni habari yenyewe kwa maneno ya msemaji. Ya pili ni jina lake na tarehe mliyozungumza. Ya tatu ni amejuaje: ameona mwenyewe, ameambiwa (na nani), au amesoma (wapi). Safu hii ya tatu ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayoiokoa kazi. Mzee akisema babu yake alihama Pate kuja Lamu, kumsikia babu mwenyewe akisimulia ni jambo moja, na kulisikia matangani kwa mtu wa ukoo mwingine ni jambo jingine. Wazee wawili wakipingana, andika kauli zote mbili na usichague. Safu ya tatu ikiwa imejazwa, atakayekuja miaka thelathini baadaye ataweza kupima mwenyewe.

Habari za kale za Pate ni mfano ulio karibu nasi. Nakala ya asili inasemekana iliangamia Waingereza walipoupiga mji wa Witu mwaka 1890. Tulizonazo leo ni matoleo yaliyoandikwa baadaye, kadhaa kati yake yakitegemea kumbukumbu ya mtu mmoja, Bwana Kitini wa ukoo wa Nabahani, na hayakubaliani juu ya majina ya watawala wala miaka yao. Nakala ilikuwa mahali pamoja, mahali pale pakaungua.

Watu wa Ireland nao wanalijua jambo hili kwa uchungu. Tarehe 30 Juni 1922, mwanzoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la nyaraka za taifa pale Four Courts mjini Dublin lililipuka na kuteketea, na sehemu kubwa ya daftari za sensa za miaka 1821 hadi 1851 ikaenda. Anayetafuta ukoo wake leo katika mji wa pwani ya huko huunga vipande: sensa za 1901 na 1911, ambazo zimesalia na zinasomwa bure kwenye intaneti, orodha ya wakazi na ardhi iliyofanywa kwa ajili ya kodi kati ya 1847 na 1864, daftari za ubatizo za parokia, na mawe ya makaburi. Mwaka 2022, miaka mia moja baada ya moto, walizindua hazina ya kidijitali inayokusanya nakala zilizokuwa zimebaki katika ofisi na maktaba nyingine. Nasi tufuate njia hiyo hiyo. Pasipo na daftari moja kuu, karatasi ndogo iliyobaki pembeni ndiyo ushahidi.

Kukaa na mzee

Usiende ghafla, na usiende na fomu mkononi. Peleka salamu kwanza kwa mjukuu au kijana wa nyumba ile, useme unataka nini na utakipeleka wapi. Wakati mzuri ni baada ya Alasiri, au asubuhi kuanzia saa tatu watu wakiwa wameshakunywa chai. Ijumaa kabla ya sala usimsumbue mtu. Kwa Bi mkubwa aende mwanamke. Kuna mambo ya uzazi, ndoa na kunyonyeshana ambayo hatayasema mbele ya mwanamume, hata awe mjukuu wake. Mwite kama wenyewe wanavyomwita, Mwana, Bi, ami, maalim au sharifu, na kama hujui, uliza kabla hujaingia.

Simu yatosha kurekodia. Izime mtandao ili isiingie simu katikati, iweke juu ya leso iliyokunjwa ili migongano ya meza isisikike, shibiri mbili kutoka kinywani mwa msemaji. Zima feni. Chumba cha kuta tupu kina mwangwi, hivyo kaeni penye mkeka na mito, mbali na dirisha la njiani kwa sababu ya punda na wapita njia. Ukichagua faili la WAV la mkondo mmoja kwa kiwango cha kawaida cha kilohezi 44.1, saa moja itachukua takriban megabaiti 320. Lililobanwa (MP3) kwa kilobiti 128 kwa sekunde litachukua kama megabaiti 58. Ikiwa nafasi ipo, chukua lisilobanwa, kwani sauti ya mzee ni dhaifu na kubana huondoa kwanza ncha za maneno. Anza kwa kutamka tarehe, mahali, na majina ya waliopo, kisha uliza idhini mara tatu kwa mambo matatu tofauti: naweza kukurekodi, wengine wanaweza kusikiliza, jina lako linaweza kuchapishwa. Mwingine atakubali la kwanza na kukataa la tatu, na hiyo ni haki yake.

Saa moja inatosha. Dakika ya sabini mzee anakubali kila unalomwambia ili uondoke, na hayo ndiyo makosa magumu kuyagundua baadaye.

Swali la "ulizaliwa lini" halileti kitu. Uliza kwa matukio: Habib Saleh, mwanazuoni mkubwa wa Lamu, alipofariki mwaka 1935 ulikuwa umeanza chuo? Vita vikuu vya 1939 hadi 1945 ulikuwa na umri gani? Mvua za 1961, Uhuru wa Desemba 1963, Mapinduzi ya Zanzibar mwezi uliofuata, miaka ya shifta watu wa bara walipokimbilia visiwani, kifo cha Mzee Kenyatta Agosti 1978, jela ilipoondolewa Ngomeni mwaka 1984. Tukio moja linakupa mwanya wa miaka mitano. Matatu yakigongana yanakupa mwaka.

Jamaa nao wahakikishe. Mtu akisema "ndugu yangu", uliza: baba mmoja mama mmoja? Mara nyingi utakuta ni mkoi au binami. "Babu" aweza kuwa kaka wa babu, na "mama" aweza kuwa mama mdogo aliyemlea. Wanaonyonya ziwa moja nao huulizwa, kwa sababu katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi pwani, kunyonya mara tano kamili kabla ya kutimia miaka miwili humfanya mtu ndugu asiyeoleka. Usipoandika hilo, mti wako utaonekana sawa nao umeficha jambo kubwa. Liandike katika daftari la ndani, siyo la kutembeza.

Majina hujirudia. Mjukuu hupewa jina la babu, hivyo utakutana na Ali bin Athman bin Ali bin Athman, na msimulizi akichoka ataruka wawili bila kujua. Mpambanue kila mmoja kwa lakabu yake, mtaa wake, au mke wake. Wanawake ndio wenye kusaidia hapa, kwani hawabadili jina wanapoolewa: binti wa fulani hubaki binti wa fulani mpaka kaburini. Kwenye vitambulisho, lakini, bin na binti zimeondolewa na majina yamekatwa kuwa matatu, kwa hiyo ndugu wawili wa baba mmoja waweza kuwa na majina ya mwisho tofauti, mmoja akiandikisha babu na mwingine ukoo. Othman, Athman na Uthman ni jina moja. Vivyo hivyo Saleh na Swaleh, Abubakar na Bakari. Chagua umbo moja la kupangia, na uyaandike yote kama yalivyokutwa.

Kuna kipimo kimoja rahisi cha mlolongo. Kizazi kimoja huchukua miaka 25 hadi 30. Mzee aliyezaliwa 1940 akisema babu yake mzaa baba alibeba mawe ya Ngome, iliyoanzwa kujengwa baada ya Vita vya Shela na kukamilika mwaka 1821, hapo katikati yamerukwa majina mawili au matatu. Usimsahihishe mbele ya watu. Andika kama alivyosema, na pembeni weka alama kwamba vizazi havitoshi. Mlolongo wa majina kumi unaofika mpaka Arabuni miaka mia nane iliyopita una kasoro hiyo hiyo: waliobaki ni mashuhuri tu.

Tarehe

Makosa mengi ya nasaba za Lamu hutoka katika kalenda, kwa hiyo tulia hapa. Tuchukue mfano wa maandishi ya aina inayopatikana ukurasa wa mwanzo wa msahafu: mtoto amezaliwa usiku wa Ijumaa, tarehe 9 mfungo nne, mwaka 1325.

Mwaka kwanza. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11. Kwa makisio ya haraka, zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622: 1325 inakupa 1907. Hayo ni makisio, yanaweza kukosea mwaka mmoja.

Kisha mwezi. Mifungo tunaihesabu kuanzia baada ya Ramadhani: mfungo mosi ni Shawwal, mfungo pili Dhulkaada, mfungo tatu Dhulhija, na mfungo nne ni Muharram, mwezi wa kwanza wa mwaka mpya. Mfungo sita, mwezi wa Maulidi, ni Rabiul-awwal. Asiyejua huona "nne" akaandika mwezi wa nne wa Kiislamu, na mtoto wetu aliyezaliwa Februari 1907 anazaliwa Mei. Vilevile mwaka hugeuka baina ya mfungo tatu na mfungo nne, siyo baada ya Ramadhani.

Siku mwisho. Muharram ya 1325 ilianza Alhamisi, 14 Februari 1907, hivyo tarehe 9 ni Ijumaa, 22 Februari. Lakini siku yetu huanza Magharibi. Usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, nao kwa kalenda ya ofisi ni Alhamisi jioni, 21 Februari. Kama alizaliwa saa tatu usiku, karani aliyeandika 21 na maalim aliyeandika 9 ya Ijumaa wote wamesema kweli. Majedwali ya kubadilishia tarehe nayo hutofautiana na mwandamo wa Lamu kwa siku moja au mbili, na hapo jina la siku ndilo mwamuzi: jedwali likikupa Jumamosi na msahafu umeandika Ijumaa, rudi nyuma siku moja. Ndiyo maana jina la siku halifai kuachwa hata kidogo. Andika daima tarehe kama ilivyokutwa, na uliyoibadilisha iwe kwenye mabano chini yake.

Karatasi za ndani ya nyumba

Msahafu, khati za nyumba na shamba, hati za ndoa na talaka, wakfu, barua kutoka Zanzibar au Arabuni, pasi za zamani, picha. Omba kuziona mbele ya mwenyewe, usiombe kwenda nazo. Piga picha palepale, karatasi ikiwa imelala juu ya kitambaa cheupe kisicho na maua, karibu na dirisha, bila mwako wa kamera, simu ikiwa sambamba na karatasi ili pembe zote nne ziwe sawa. Weka rula pembeni. Piga mbele na nyuma hata kama nyuma hamna kitu, na bahasha pia. Ukiwa na skana, nukta 300 kwa inchi (dpi) zatosha kwa maandishi, 600 kwa picha ndogo.

Picha za watu ziandike nyuma kwa penseli laini, kwa mkono mwepesi, namba tu. Majina yaende daftarini. Wino hupenya na kutokea usoni mwa mtu. Usizifunike kwa plastiki ya moto wala kubandika selotepu. Joto huharibu picha na gundi huacha doa la manjano lisilotoka. Hewa ya chumvi na mchwa ndio maadui wa Lamu: bahasha za karatasi, ndani ya sanduku, juu ya rafu, isiyogusa ukuta wa nje kwani mawe ya matumbawe hunyonya unyevu. Mipira ya nondo isikae juu ya karatasi.

Khati nyingi ni Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na hapa msomaji wa haraka hupotosha majina. Herufi be ilibeba b, p, na mara nyingine mb. Fe ilibeba f na v. Ghaini ilibeba gh, g na ng. Kasra yaweza kuwa i au e, dhuma yaweza kuwa u au o. Ndiyo maana jina la mahali usilolijua lisomwe kwa sauti mbele ya mzee, kwa namna zote zinazowezekana, mpaka alitambue. Usikisie peke yako.

Makaburi na maandishi ya ukutani

Omba ruhusa kwa ukoo na kwa msimamizi wa msikiti, hata kama makaburi yako wazi. Maandishi yaliyochongwa kwenye chokaa hayasomeki jua la utosini. Nenda mapema asubuhi au jua likielekea kuchwa, au mulika kwa tochi kutoka ubavuni ili kivuli kijaze mchongo. Mwenzako ashike kioo kurudisha mwanga. Usipake chaki, unga wala mafuta, usisugue kwa brashi ya waya, na usimwage siki au asidi kuondoa kuvu, kwa sababu asidi hula chokaa yenyewe na herufi zinakwenda nayo. Maji safi kidogo na brashi laini ndiyo mwisho wake, na jiwe likianza kumeguka acha.

Kwenye mwaka, fahamu kwamba sufuri ya Kiarabu ni nukta. Nukta ikimeguka, 1204 inabaki 124. Mbili na tatu hutofautiana kwa jino moja tu, na saba na nane ni umbo moja lililopinduliwa. Piga picha ya kaburi zima, ya maandishi, na ya makaburi yaliyopakana nalo, kwa sababu watu huzikwa karibu na wao. Kaburi lililopakwa chokaa mara kwa mara huenda limefunikwa maandishi. Usikwangue, andika tu kwamba lipo.

Ofisini

Mahakama ya Kadhi ndiyo hazina kuu, na ndani yake karatasi yenye faida zaidi ni ya mirathi. Hati ya ndoa inakupa watu wawili. Ya mirathi inakupa nyumba nzima siku moja. Mafungu yenyewe yanazungumza. Mke aliyepata thumni (sehemu moja ya nane) alikuwa na mume mwenye mtoto. Aliyepata robo, marehemu hakuacha mtoto. Ukiona wake wawili kila mmoja amepata nusu ya thumni, basi aliacha wake wawili, hata kama ukoo unamkumbuka mmoja tu. Binti pekee asiye na kaka hupata nusu, mabinti wawili au zaidi theluthi mbili. Soma mafungu kabla ya majina.

Habari za wakfu ziulize kwa Tume ya Wakfu, na za ardhi kwa ofisi ya ardhi. Faili za zamani za DC (mkuu wa wilaya) wa Lamu ziko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Nairobi, na kwa kuwa Lamu ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, nyaraka za Zanzibar nazo zinafaa. Nenda na kitambulisho, penseli, na orodha fupi ya majina na miaka. Ukifika ukisema unatafuta "historia ya Lamu", utaondoka mikono mitupu.

Kuupanga mti

Kwa wazazi na mababu tumia namba: wewe 1, baba 2, mama 3. Baba wa mtu yeyote ni namba yake mara mbili, mama ni mara mbili ongeza moja. Baba wa mama ni 6, na mama yake huyo ni 13. Njia hii inakuonyesha mara moja pengo liko wapi. Lamu, ambako watu huoa binami na wakoi, utaona mtu mmoja amepata namba mbili: wazazi wako wakiwa binami, baba wa babu mzaa baba (8) na baba wa babu mzaa mama (12) ni mmoja. Usimwandike mara mbili kama watu wawili. Weka namba zote mbili kwa mtu mmoja. Hilo likikupita, ukoo utaonekana mkubwa kuliko ulivyo.

Ndoa ziandike kwa mpangilio, ya kwanza, ya pili, kila moja na watoto wake chini ya mama yao, na talaka ionekane. Mtu aliyeoa mara nne maishani siyo lazima aliwahi kuwa na wake wanne pamoja. Kwenye kompyuta, Gramps ni programu ya bure na inakubali ndoa nyingi na chanzo kwa kila jambo. Chochote utakachotumia, toa nakala ya GEDCOM (faili linalosomwa na programu nyingi za nasaba) kila mwezi, ili programu ikifa kazi isife nayo.

Yanayobaki ndani

Utumwa ulikomeshwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907. Waliokuwa huru baada ya hapo wengi walibaki na jina la ukoo wa mabwana, kwa hiyo jina moja la ukoo si hoja ya damu, na kuliuliza swali hilo barazani ni kumdhalilisha mtu kwa jambo ambalo si lake. Familia ikikueleza yenyewe, andika kwa maneno yao na uwaachie wao uamuzi wa kutangaza. Usharifu usiuhukumu, kama kuna shajara (karatasi ya mti wa nasaba), nakili shajara na sema iko kwa nani. Mtoto wa nje, ugomvi wa mirathi, maradhi: hayo hayatoki. Mti wa ukoo unaweza kubebwa hadi mahakamani na watu wanaogombea shamba, basi juu ya kila nakala andika wazi ni ya kumbukumbu na vyanzo vyake ni vipi.

Walio hai hawachapishwi bila idhini yao. Kanuni salama ni hii: yeyote ambaye kifo chake hakijulikani na hajatimiza miaka mia tangu kuzaliwa, mhesabu yu hai na jina lake liwe "hai" tu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, lakini hata isingekuwepo, adabu ingetosha.

Kuzirudisha

Nakala ya kwanza iende kwa aliyesema, kabla ya mtu mwingine yeyote. Ichapishe kwa herufi kubwa, ukubwa wa 14 au 16, msomee, umwache siku chache. Hapo ndipo hukumbuka waliosahauliwa, kwa hiyo acha pambizo pana. Kwa chapa, tumia mashine ya leza. Wino wa maji hutanda Lamu msimu wa unyevu. Kijitabu cha karatasi za A4 zilizokunjwa katikati lazima kurasa zigawanyike kwa nne, 16 au 20, la sivyo utabaki na kurasa tupu mwishoni. Weka ramani ya mtaa ya kuchora kwa mkono ukurasa wa katikati: Usita wa Mui (njia kuu ya mji), misikiti, visima, nyumba kwa majina ya zamani. Watu huifungua hiyo kwanza, na ndiyo huleta masahihisho mengi kuliko maandishi yote.

Wakati wa kugawa ni Maulidi, mfungo sita, watu wa Lamu walioko Mombasa, Zanzibar na Arabuni wanaporudi. Picha ukizituma kwa WhatsApp zitume kama dokumenti, kwani zikitumwa kama picha hubanwa na maandishi ya khati hayasomeki tena. Nakala ziwe tatu angalau: moja Lamu, moja kwenye diski tofauti, moja nje ya kisiwa. Nakala nyingine ya karatasi ipeleke Makumbusho ya Lamu, ukiwaambia kipi kinaweza kuonyeshwa na kipi hakiwezi.

Kila toleo liwe na namba na tarehe mgongoni. Masahihisho yakija, usifute la zamani kimyakimya: andika jina la aliyesahihisha, amejuaje, na ukurasa uliobadilika, kisha peleka ukurasa mpya kwa kila nyumba iliyopata toleo la kwanza. Kwa hiyo weka tangu mwanzo orodha ya nyumba ulizozigawia.